Imani ya Wananchi Huanzia Kaunta: Hotuba kwa Wakuu wa Vituo vya Polisi na Kamati za Polisi Jamii

(Hotuba hii inawekwa hapa yote kwa ajili ya waliokosa kuhudhuria. Picha zilizoonyeshwa kwenye skrini zimeachwa.)

Itifaki ikiwa imezingatiwa, nawasalimu nyote. Makamanda wa kaunti ndogo, wakuu wa vituo, maafisa mliotoka zamu ya usiku na bado mkaja, machifu, wazee wa mitaa, viongozi wa bodaboda, mama zetu wa kamati za polisi jamii: hamjambo?

Nina swali. Mwananchi ambaye si mwizi wala si mwanasiasa hukutana na polisi wapi? Inspekta Jenerali humwona kwenye runinga. Mpango mkakati hajawahi kuushika. Anayekutana naye ni konstebo wa kaunta, saa tatu usiku, siku ambayo ameibiwa au amepigwa. Atakachotendewa pale ndicho atakachowasimulia majirani, na majirani ndio watakaoamua kama siku nyingine wapige simu kituoni au wamalizane na mshukiwa kwa mawe na tairi.

Nchi hii ya Kenya haijakosa mageuzi ya karatasi. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133, na kati ya hivyo 405 vilitokana na risasi. Mwaka 2009 jopokazi la Jaji mstaafu Philip Ransley likaandika namna ya kuibadilisha polisi. Katiba ya 2010 ikaja na kifungu cha 244, kinachodai nidhamu, uwazi, haki za binadamu na uhusiano mwema na jamii. Mwaka 2011 tukapata Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi, tukapata na IPOA, mamlaka huru ya kuwamulika polisi. Maafisa wakapigwa msasa. Mwaka 2018 sare zikawa za buluu. Mwaka 2023 jopokazi la Jaji Mkuu mstaafu David Maraga likakabidhi ripoti nyingine. Sheria tunazo. Ripoti tunazo. Sare tunazo. Na kaunta je?

Ninachokuja kusema ni hiki: mkuu wa kituo hujenga imani ya watu kwa vitu anavyovikagua yeye mwenyewe, kila siku, kwa macho yake. Mechi ya kandanda kati ya polisi na vijana wa mtaa ni nzuri, siipingi. Lakini Jumatatu kijana huyo huyo akikamatwa na kuombwa elfu mbili, mabao yote yamefutwa.

Tuanze na OB, kile kitabu cha matukio cha kituo.

Tuseme mama anayeuza nguo sokoni amenyang'anywa simu na mauzo ya siku, akapigwa rungu mkononi. Anafika kituoni saa mbili usiku. Anaulizwa "Wataka nini?" kabla ya salamu. Anaeleza mbele ya watu sita waliokaa kwenye benchi. Afisa anaandika kwenye kipande cha karatasi, anamwambia maelezo yataingizwa kitabuni baadaye, na arudi kesho. Kesho yule afisa yuko mapumziko, karatasi haipo, na mama anaanza upya.

Kwa nini afisa hakuandika kwenye OB? Tusiseme haraka kwamba ni uvivu. Kila ripoti inayoingia OB inahesabika. Itaingia kwenye takwimu za uhalifu, na mwisho wa mwezi mkuu wa kituo ataulizwa mbona wizi umepanda. Konstebo si mjinga. Akiona kituo chenye OB nyembamba ndicho kinachosifiwa kwenye mkutano wa kamanda, atajifunza kupunguza uhalifu kwa kalamu. Kwa hivyo, makamanda, nawauliza ninyi: mwezi uliopita mlimsifu nani, na kwa sababu gani? Kituo ambacho watu wameanza kukiamini, OB yake hunenepa kwanza. Wale waliokuwa wakikaa kimya wameanza kuja. Kamanda anayemkaripia OCS, yaani mkuu wa kituo, kwa hilo anauzima moto uliotaka kuwaka.

Dawa ni nambari ya OB, na inapatikana kwa nusu karatasi. Mlalamishi asivuke mlango bila nambari: ingizo la ngapi, siku, mwezi, mwaka. Pembeni yake jina la afisa aliyeandika na simu ya kituo. Mama akirudi baada ya wiki na nusu karatasi ile, hakuna wa kumwambia "hatukujui."

Halafu mkuu wa kituo, kila asubuhi kabla ya gwaride la zamu, asome OB ya saa 24 zilizopita, yote. Akisoma, atafute nini? Atafute mapengo ya saa. Mtaa una baa kumi na tano, ni Jumamosi mwisho wa mwezi, na kati ya saa nne usiku na saa kumi alfajiri hakuna hata ingizo moja: hapo ama watu wote walikuwa malaika, ama afisa wa kaunta alilala, ama kesi zilimalizwa nje ya kitabu kwa pesa. Atafute mistari iliyoachwa wazi, maana huo ni mlango wa kuingiza kesho jambo la leo. Atafute maneno yaliyofutwa au kupakwa rangi nyeupe. Kosa la kuandika hukatwa kwa mstari mmoja, maneno ya zamani yaendelee kusomeka, na aliyekata atie sahihi. Atafute ripoti zenye nambari lakini zisizo na afisa mchunguzi. Hizo ni ripoti zilizokwisha kufa.

Akimaliza, achukue simu apigie walalamishi watatu wa jana, awachague ovyo ovyo. Maswali ni matatu. Ulisikilizwa? Ulipewa nambari? Uliombwa chochote? Dakika kumi tu. Kwa siku tano za kazi ni watu 15 kwa wiki, na kwa mwezi ni kama 60. Maafisa wa kaunta wakishajua simu hizo hupigwa, na kwamba hawawezi kujua ni nani atakayepigiwa, lugha ya kaunta hubadilika bila semina.

Turudi kwa mama na mkono wake. Anahitaji P3, ile fomu ya polisi ya kuandikia majeraha. P3 ni bure. Narudia kwa sababu kuna vituo vimesahau: P3 ni bure. Afisa anayesema fomu zimeisha, nenda katoe kopi kwa fulani ng'ambo ya barabara, ameanzisha biashara. Mkuu wa kituo ahesabu fomu zilizobaki kila Ijumaa. Zikipungua aagize nyingine kabla hazijaisha. Na matibabu yatangulie. Majeruhi asishikiliwe kaunta eti mpaka fomu ijazwe, kwa sababu P3 hujazwa na daktari na inaweza kumfuata hospitali.

Kwa aliyebakwa, saa zina uzito mwingine kabisa. Dawa za kuzuia maambukizi ya HIV lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inazipunguzia nguvu. Aende hospitali sasa hivi, asioge, na nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Mfuko wa plastiki hutunza unyevu na unyevu huharibu ushahidi. Maelezo yachukuliwe faraghani, kwenye dawati la jinsia. Mnajua madawati haya hukwama wapi? Hukwama kwenye ufunguo. Afisa wa dawati yuko likizo, chumba kimefungwa, ufunguo uko mfukoni mwake nyumbani kwao, na msichana anasimulia kaunta mbele ya walevi. Tengenezeni ufunguo wa pili, ukae kwa afisa wa zamu. Ni mia mbili kwa fundi.

Sasa twende seli.

Kifungu cha 49 cha Katiba kinasema aliyekamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, awasiliane na wakili, na afikishwe kortini kabla ya saa 24 kwisha. Saa hizo zikiishia wakati korti imefungwa, afikishwe siku ya kwanza korti inapofunguliwa. Hapo ndipo ilipozaliwa ile kamatakamata ya Ijumaa jioni. Mtu anakamatwa saa kumi na moja Ijumaa kwa kosa dogo, na kila mtu pale, yeye, jamaa zake na afisa, anajua kwamba Jumatatu ni mbali. Bei hupangwa na kalenda. Mkuu wa kituo anayetaka kulijua hili asihitaji mpelelezi: achukue daftari la mahabusu, ahesabu waliokamatwa Ijumaa baada ya saa tisa alasiri kwa miezi mitatu, aangalie wangapi walifika kortini Jumatatu. Wasiofika walitoka vipi, na nani alitia sahihi?

Kuna makosa ambayo Katiba yenyewe imekataza mtu kuwekwa rumande kwa ajili yake: yale ya faini tu, au ya kifungo kisichozidi miezi sita. Bondi ya polisi haina malipo. Dhamana ya pesa taslimu ni amana inayorudishwa, na lazima iandikiwe risiti rasmi. Pesa isiyo na risiti si dhamana, hata ipewe jina gani.

Ukaguzi wa seli ni kazi ya miguu. Ingia na daftari mkononi, hesabu vichwa, linganisha. Kila mmoja: jina, saa ya kukamatwa, kosa, afisa aliyemkamata, majeraha aliyoingia nayo, jamaa aliyearifiwa. Hilo la majeraha ndilo linalosahauliwa sana, na ndilo linalomlinda hata afisa: mtu akiingia na jicho limevimba na haikuandikwa, kesho uvimbe ni wenu. Wanawake mbali na wanaume, watoto mbali na watu wazima. Ukikuta kichwa kimoja ambacho daftari halikijui, simamisha kila kitu mpaka kieleweke.

Kwa nini niwe mkali hivyo juu ya kichwa kimoja? Mnakumbuka Willie Kimani. Mwaka 2015 mwendesha bodaboda Josephat Mwenda alipigwa risasi na afisa wa Administration Police, akalalamika IPOA. Mlalamishi akageuzwa mshtakiwa. Tarehe 23 Juni 2016, Mwenda, wakili wake Kimani na dereva wa teksi Joseph Muiruri walikuwa wametoka Mahakama ya Mavoko. Walitekwa, wakazuiliwa kwa siri katika kambi ya polisi ya Syokimau. Kimani aliandika ujumbe wa kuomba msaada kwenye karatasi ya chooni akautupa nje. Miili yao ilipatikana mtoni. Ilichukua mpaka Julai 2022 maafisa watatu na mtoa habari wao mmoja kupatikana na hatia, na Februari 2023 kuhukumiwa. Aliyefyatua ile risasi ya 2015 akapewa hukumu ya kifo.

Ndugu makamanda, kambi ile ilikuwa na wakubwa. Kulikuwa na zamu. Kulikuwa na seli ambayo mkuu yeyote angeweza kuifungua na kuuliza, "Hawa ni nani?" Swali lenyewe ni la sekunde tatu. Na baada ya Mwenda, mnadhani ni bodaboda wangapi walikuwa na hamu ya kwenda kulalamika?

Jambo la tatu ni taarifa ya kwanza, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu imani ya miaka kumi inaweza kuondoka na aya moja.

Juni 2025, Albert Ojwang, mwalimu, alikamatwa Homa Bay kwa sababu ya maandishi ya mtandaoni, akasafirishwa hadi kituo cha Central, Nairobi, akafia mikononi mwa polisi. Taarifa ya polisi ilisema alijigonga kichwa kwenye ukuta wa seli. Siku chache baadaye madaktari wa uchunguzi wa maiti wakasema majeraha ya kichwa, kubanwa shingo na vidonda mwilini havikulingana na mtu aliyejigonga. Inspekta Jenerali Douglas Kanja akasimama mbele ya Seneti, akaiondoa kauli ile na kuomba radhi. Kesi ya mauaji iko mikononi mwa mahakama na sitaigusa. Ninachokigusa ni ile aya ya kwanza. Nani aliiandika? Alijua nini wakati anaiandika? Alikuwa ameona ripoti ya daktari? Hapana, uchunguzi wa maiti ulikuwa haujafanywa. Alichokuwa nacho ni maelezo ya kituo kinachochunguzwa, naye akayatia muhuri.

Mtu akifa au akiumia vibaya mikononi mwenu, au risasi ikifyatuliwa, Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi, Jedwali la Sita, imeshawaambia cha kufanya. Majeruhi apate matibabu mara moja. Jamaa waarifiwe haraka, na waarifiwe na mkuu, kwa heshima, si na mtandao. IPOA iarifiwe papo hapo. Mahali pa tukio pafungwe: hakuna kufagia, hakuna kuosha seli "kwa ajili ya usafi," hakuna kugusa kamera. Kamera ni jambo la kufikiria mapema. Kinasa sauti na picha kikae mahali ambapo afisa wa zamu hana ufunguo, na mkuu ajue kumbukumbu zake hudumu siku ngapi kabla hazijafutwa na mpya. Waliokuwa zamu watenganishwe, kila mmoja aandike maelezo yake bila kusoma ya mwenzake.

Bunduki nayo ina daftari lake. Nani alichukua silaha ipi, nambari gani, na risasi ngapi, saa ngapi; akirudi, risasi zihesabiwe mbele yake na wawili watie sahihi. Upungufu wa risasi moja uandikwe usiku ule ule. Daftari hili likiwa bovu, maafisa thelathini waliotoka kwenda kwenye maandamano wote wanakuwa washukiwa, na yule mmoja aliyefyatua anajificha nyuma ya ishirini na tisa wasio na kosa. Sheria hiyo hiyo inataka afisa mwenye sare avae jina au nambari yake ionekane. Anayeificha kwa utepe mweusi amekwisha kuamua jambo kabla hajatoka langoni, na mkuu wake amemwona. Na ikumbukwe, kwa mujibu wa Jedwali hilo, kusema "niliagizwa na mkubwa" si kinga kwa nguvu iliyotumiwa kinyume cha sheria.

Taarifa kwa umma basi iandikweje? Fupi. Nani, wapi, saa ngapi, amefikishwa hospitali gani, IPOA imearifiwa saa ngapi, taarifa nyingine itatoka lini. Sababu ya kifo iachwe kwa daktari. Tabia ya marehemu iachwe kabisa. Kumwita jambazi kabla ya uchunguzi ni tabia mbaya tuliyoizoea. Na saa ya taarifa inayofuata ikifika, itoke, hata kama haina jipya.

Kuhusu hongo nitasema kifupi, kwa maana mnaijua kuliko mimi. Maafisa wa trafiki walipopigwa msasa, Tume ya Huduma ya Taifa ya Polisi iliuliza miamala ya M-Pesa, na nchi ikasikia jinsi pesa zilivyopanda kutoka kwa wadogo kwenda kwa wakubwa. Mkubwa anayengojea mgao wa jioni hawezi kukagua OB asubuhi. Atamwambia nini konstebo? Kwa hivyo uhamisho, likizo na kupangwa kwenye vizuizi vya barabarani viwe na orodha iliyobandikwa ukutani, kwa zamu, kila mtu aione. Nafasi ya kazi ikiuzwa ndani, itauzwa tena nje, na mnunuzi wa mwisho ni dereva wa matatu.

Mtasema, na afisa naye je? Ni kweli. Ripoti ya Maraga ilizungumzia mishahara na makazi, na mkuu wa kituo hana uwezo wa kuongeza mshahara. Ana uwezo wa kupanga zamu. Afisa aliyelinda benki mchana asipangwe doria usiku ule ule. Afisa aliyeshuhudia mwenzake akiuawa asikabidhiwe bunduki asubuhi yake kana kwamba hakuna lililotokea.

Mwisho, wazee na mama wa kamati. Ninyi mna jambo mnalolinong'ona na hamlisemi kwenye mikutano, basi nilisemee: watu hawaleti habari kwa sababu habari huvuja. Mzee anataja nyumba inayouza chang'aa asubuhi, jioni mwenye nyumba anampitia dukani na kumshukuru kwa jina. Nyumba Kumi, ule mpango wa majirani kulinda mtaa pamoja na polisi, ilipoanzishwa mwaka 2013 ilidhaniwa majirani watasema kila kitu. Majirani watasema wakiwa salama. OCS, jina la mtoa habari lisitajwe kaunta, lisitajwe kwenye redio ya polisi, na lisijulikane na zaidi ya maafisa wawili. Likivuja, mna watu wawili wa kuhojiwa. Mkutano wa kamati uwe kila mwezi, tarehe isiyobadilika, mwenyekiti awe raia, na ajenda ya kwanza iwe ahadi za mwezi uliopita: taa ya njia ya sokoni ilifuatiliwa? Doria ya alfajiri kwa wanaowahi basi ilianza? Kama haikuanza, OCS aseme kwa nini, gari halina mafuta au maafisa ni wachache. Watu huvumilia upungufu wanaoelezwa.

Kabla ya chai, kila kituo kitabeba ubao mmoja kutoka pale mlangoni. Una jina na simu ya OCS, umeandikwa P3 ni bure na bondi ya polisi ni bure, na una nambari ya bure ya IPOA, 1559. Uwekwe nje ya lango, mahali anayeogopa kuingia anaweza kuusoma. Sasa nipeni maswali, na tuanze na meza ya bodaboda, maana hao ndio wateja wenu wakubwa wa Ijumaa.